Uharamia wa Baharini na Hukumu ya Hiraba

Tarehe 15 Januari 2011, Samho Jewelry, meli ya kubeba kemikali, ilitekwa na maharamia wa Kisomali katika Bahari ya Arabuni. Ndani yake walikuwamo mabaharia 21: Wakorea 8, Waindonesia 2 na Waburma 11. Tarehe 21 makomandoo wa Korea Kusini waliikomboa. Maharamia 8 waliuawa, 5 wakakamatwa, na nahodha alijeruhiwa vibaya kwa risasi.

Ndugu Waislamu, wapo wanaowatetea maharamia kwa hoja kwamba meli za kigeni ziliiba samaki wa Wasomali. Tukubali kuwa dhulma hiyo ilikuwapo. Je, baharia wa meli ya kemikali alivua samaki gani? Qur'ani imebainisha kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine (6:164).

Mwizi huchukua kwa siri. Muhaarib hupora waziwazi na kwa nguvu, mahali ambapo anayedhulumiwa hana wa kumwokoa. Hiyo ndiyo hiraba, ambayo adhabu zake zimetajwa katika Suratul Maidah, aya ya 33. Na ni wapi msaada ulipo mbali zaidi kuliko katikati ya bahari?

Aya ya 34 imewafungulia mlango wanaotubia kabla ya kukamatwa. Lakini mafaqihi wamefafanua kuwa toba hiyo huondoa adhabu iliyo haki ya Allah (S.W.), haiondoi haki za waja: mali lazima irudishwe. Basi imamu akiletewa fedha za uharamia ajengee msikiti, asizipokee. Zina wenyewe.

Wallahu a'lam.