Mrija mfupi wa Probox na mlima wa Bugarama

MWAKA 2024, mafuta yalipokuwa adimu Burundi na madereva wakilala kwenye foleni, jirani yangu alinijia jioni akiwa amekunja uso. Yeye huchukua vitenge na vyombo vya plastiki mpakani Mugina, akashuka hadi Nyanza-Lac, akafuata barabara ya ziwa mpaka Bujumbura, kisha akapanda Bugarama kuelekea Kayanza. Gari lake ni Toyota Probox, usukani wa kulia, kama magari mengi yaliyoingia huku kupitia Dar es Salaam.

“Mwalimu, wewe si unafundisha fizikia? Gari langu limeongezewa nguvu, lakini mlima haliwezi.”

Ndugu msomaji, sikucheka. Mimi na jirani yangu tulizaliwa Mishamo, magharibi mwa Tanzania, wazazi wetu wakiwa wamekimbia mwaka 1972, na tukarudi mwaka 2009. Najua gari lile lilinunuliwa kwa akiba ya nani, na ni watoto wangapi wanaolipiwa ada kwa safari zake. Nikamwambia afungue boneti.

Pale palipokuwa na boksi jeusi la chujio la hewa pamoja na bomba lake refu la plastiki, niliona mrija mfupi wa chuma unaong'aa, na mwishoni mwake chujio jekundu lenye umbo la pia. Mimi naita mrija. Fundi aliyeufunga, mjini Bujumbura, aliita tiyo. Alimweleza kwamba hewa ikipita njia fupi injini hupumua vizuri na nguvu huongezeka. Kwa hakika sauti iliongezeka. Ukikanyaga mafuta, gari lilinguruma hata kuku wakakimbia.

Hapa ndipo nilipomkumbuka mwalimu wetu wa fizikia wa kule makazini. Shule haikuwa na maabara. Alituma watoto wakate mabua ya majani ya mpapai, akatupigisha filimbi: bua refu lilitoa sauti nzito, bua fupi sauti nyembamba. Alisema hewa iliyomo ndani ya mrija ina mwendo wake wa kwenda na kurudi, na urefu ndio unaoamua kasi ya mwendo huo. Sikujua kwamba siku moja somo lile lingenifikisha kwenye injini.

Pistoni inaposhuka, valvu ya kuingizia hewa ikiwa wazi, huvuta hewa ya kwenye mrija. Mvuto huo hukimbia kama wimbi, kwa kasi ya sauti, takriban meta 345 kwa sekunde, hadi mdomo wa mrija ulio wazi. Ukifika pale hugeuka, ukarudi kama msukumo. Iwapo msukumo huo utafika kwenye valvu muda mfupi kabla haijafungwa, utashindilia hewa zaidi ndani ya silinda, kama konda anayemsukuma abiria wa mwisho kabla ya kufunga mlango wa Hiace. Hewa zaidi maana yake ni mafuta zaidi yanayoungua, na nguvu zaidi. Ukichelewa, mlango umeshafungwa. Ukiwahi mno, sehemu ya hewa iliyoingia hupata nafasi ya kutoka tena.

Tufanye hesabu niliyowapa wanafunzi wangu wa sekondari. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ni mara 50 kwa sekunde. Robo ya mzunguko huchukua sehemu 5 za elfu moja za sekunde. Katika muda huo sauti husafiri meta 1.7 hivi. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, mrija unaofaa ni wa sentimita 85 hivi. Injini ikizunguka mara 6,000, muda unakuwa nusu, na mrija unatakiwa uzidi kidogo tu sentimita 40. Wahandisi huongeza mengine katika hesabu hii, lakini mwelekeo haubadiliki: mrija mrefu hufaa mwendo wa taratibu, mrija mfupi hufaa injini inayozungushwa kwa kasi. Hakuna mrija wa urefu mmoja unaotoa yote mawili.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliuza gari la 300F lenye mirija ya sentimita 76, mirefu kiasi kwamba ilivuka injini kutoka upande hadi upande. Lilikuwa na nguvu za farasi 375. Waliotaka mashindano waliuziwa lenye farasi 400. Ukiitazama mirija yake kwa nje utasema ni ileile, kumbe kuta za ndani zilikatwa ili wimbi lione nusu tu ya urefu. Wakapata farasi 25 zaidi kwenye mizunguko ya juu, wakapoteza msukumo wa chini. Mazda, waliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1991, walikuwa na mirija inayorefuka na kufupika yenyewe gari likiwa mbioni. Ni ufumbuzi mzuri, ila wa gharama ambayo mfanyabiashara wa vitenge hawezi kuigusa.

Sasa turudi kwenye Probox. Injini yake ya lita 1.5 hutoa farasi 109, lakini kwenye mizunguko 6,000. Nilimuuliza jirani yangu lini mara ya mwisho aliizungusha hivyo akiwa na mzigo. Alinitazama kama nimemtukana. Bugarama hupandwa kwa gia ya tatu, injini ikiwa kwenye 2,500 au 3,000, nyuma ya malori yaliyoshikwa na vijana wa baiskeli.

Hata hivyo, lazima niwe mkweli, kwa sababu hapo nami nilikuwa tayari kumhukumu fundi bila ushahidi. Mrija unaohusika zaidi na hesabu ile si ule wa mbele. Ni ile iliyo kwenye menifoldi, kutoka chumba cha hewa hadi kwenye valvu, mmoja kwa kila silinda, na fundi hakuigusa. Bomba la mbele nalo lina wimbi lake, na ukilibadili nguvu huweza kupanda au kushuka kidogo kwenye mizunguko fulani, lakini si kiasi cha kulishusha gari gia nzima. Basi nini?

Jumapili moja tulikwenda mlimani na mzigo uleule. Kwa mrija mfupi, kwenye kona niliyoichagua, gia ya tatu ilikata na akarudi ya pili, mara tatu kati ya tatu. Kisha nikaweka mkono karibu na chujio lile jekundu. Lilikuwa limekaa nyuma ya rejeta, likivuta hewa ya moto ya ndani ya boneti. Hewa ya nyuzi 55 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 25 kwa karibu asilimia 9. Na Bugarama, iliyo juu zaidi ya meta 2,000, kanieneo ya hewa imeshapungua kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na kando ya ziwa. Yaani mlima umeshachukua fungu lake, na chujio linaongeza deni.

Tukakata bati, tukaziba joto, tukaelekeza mdomo wa chujio mbele kwenye upepo. Gia ya tatu ikashika mara mbili kati ya tatu. Mwisho tukarudisha boksi la zamani na bomba lake refu, ambalo bahati nzuri fundi hakuwa amelitupa. Ikashika zote tatu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hasara ilikuwa joto, na kilichobaki huenda kilikuwa urefu. Majaribio matatu hayatoshi kuapa mahakamani.

Kwa wenzangu wa mpakani wanaouziwa mirija hii: kabla ya kulipa, muulize fundi nguvu itaongezeka kwenye mizunguko mingapi, na hewa itavutwa kutoka wapi. Akijibu kwa kukanyaga mafuta ili usikie mngurumo, funga boneti. Angalia kwanza chujio lako halijaziba vumbi la Mabanda, na bomba la zamani halijapasuka. Mara nyingi nguvu unayotaka kununua imekwama hapo.

Mrija unaong'aa uko darasani kwangu. Wanafunzi huupuliza sambamba na bua la mpapai. Jirani yangu bado hupanda Bugarama, sasa kwa gia ya tatu, na anasema kitu kimoja tu anakikosa: ile sauti.