Ambari, Kaharabu na Chupa ya Marashi

Ukijipulizia Shalimar, marashi ya Jacques Guerlain yaliyotoka Ufaransa mwaka 1925, kinachokupokea kwanza ni bergamoti, tunda la jamii ya machungwa linaloipa chai ya Earl Grey harufu yake. Ni harufu kali na safi, kama ganda la limau lililokwaruzwa kwa ukucha. Ifurahie mapema, kwani haikai. Mafuta ya machungwa ni mepesi, huruka upesi. Kabla ya kipindi cha kwanza kwisha, nguvu zake zimekwenda.

Kinachobaki ni vanila na utomvu, vizito na vitamu, vinavyopanda polepole kwa joto la mwili. Katika baridi ya Uingereza harufu hii hujificha chini ya koti. Ukilivua ndani ya chumba chenye hita, inafunguka upya, na jioni bado imo kwenye skafu. Wewe mwenyewe huenda huisikii tena, maana pua huzoea, lakini jirani yako darasani anaisikia. Pulizo moja latosha.

Wauzaji huiita harufu hiyo ya mwisho "amber", na hapo ndipo sisi wa Kiswahili tunapokwama. Kwetu kaharabu ni utomvu wa kale uliogeuka jiwe, unaotengenezewa shanga na tasbihi. Ambari ni kitu kingine kabisa: hutoka matumboni mwa aina moja ya nyangumi na huokotwa ufukweni. Al-Masudi, msafiri Mwarabu wa karne ya 10, aliitaja miongoni mwa mali za pwani ya Zanj. Kiingereza kililichukua neno hilohilo la Kiarabu, kisha likahamia kwenye kaharabu.

Kumbe "amber" ya watengeneza marashi si hii wala ile. Ni mchanganyiko, aghalabu wa vanila, benzoini na labdanamu, utomvu wa kichaka cha nchi za Mediterania.

Basi anayetafsiri maelezo ya chupa aandike nini? Akiandika "ambari", msomaji wa pwani atadhani analipia mali ya nyangumi. Akiandika "kaharabu", atadhani ni jiwe. Mimi ningeandika "utomvu mtamu wenye vanila". Ni maneno mengi kuliko moja, lakini hayamdanganyi mnunuzi. Walimu wetu wa tafsiri, na nyinyi wanachama wenzangu, mnasemaje?