Fahamu: Lugha ipi ya programu inafaa kuandikia zana za kusimamia mifumo?

Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, taasisi za umma Tanzania zinazidi kutegemea mifumo ya kompyuta, na msimamizi wa mifumo, yaani mtaalamu anayetunza seva, huhitaji programu ndogo za kuhifadhi nakala za data, kukagua diski na kusajili watumiaji.

Bash, lugha ya amri iliyotolewa mwaka 1989, hupatikana karibu katika kila seva ya Linux na hutosha kwa kazi ya mistari michache, lakini programu inaporefuka makosa hujificha. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, husomeka vizuri, ingawa huhitaji mkalimani, yaani programu inayotekeleza msimbo, na mara nyingi maktaba za kupakuliwa. Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, huzalisha faili moja linalojitegemea.

Kwa kata ya vijijini kama Ngulyati, wilayani Bariadi, faili linalobebwa kwa flashi hufaa pale intaneti inapokuwa dhaifu. Hata hivyo, kigezo cha kwanza kinapaswa kuwa lugha inayofahamika kwa wataalamu zaidi ya mmoja wa halmashauri, kwa kuwa zana inayoeleweka kwa mwandishi wake pekee huiacha huduma ya umma mashakani anapohamishwa.