Moto mu kifua: miezi 14 ya kutafuta jibu

Kwetu Kolwezi, muntu akisema kifua inamuchoma, kila mutu anamujibu: "Njo gastriti hiyo, kunywa maziwa." Kijana mumoja wa ekipi ya usiku, miaka 23, alisikia jibu hiyo miezi 14. Ninaandika habari yake na ruhusa yake, lakini bila jina, sababu mukataba wake ni wa muda mufupi na anaogopa.

Alikuja kuniona kisha kazi, tukingoja basi. "Papa delege, nikifika ku nyumba asubui minalala mu kiti. Nikilala ku kitanda, maji makali inapanda mpaka mu shingo. Na bukari sasa inanishinda." Nilimuangalia. Overoli yake ilikuwa imemuzidi kabisa.

Nilimuuliza kama alienda ku dispanseri ya kompani. Alienda mara sita. Mara zote sita walimupa siro nyeupe ileile, bila kumuuliza kitu, wakamurudisha ku kazi. Naye hakuomba kuona munganga mukubwa: aliogopa wamuandike kama hawezi kazi, halafu mukataba usirudishwe. Mama yake alifikiri walimulisha sumu. Pesa ya miezi mbili ikaishia ku miti shamba.

Mimi si munganga. Lakini kazi ya delege ni kuuliza. Tuliikala chini ya muti, tukaandika ku karatasi: anakula saa ngapi, anakunywa nini, anameza dawa gani. Njo pale mambo ilitokea. Ju ya maumivu ya mugongo, alikuwa anameza diklofenaki kila siku, ya kununua ku barabara, tumbo ikiwa wazi. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakujua kama ni kitu ya kusema. Tena alikuwa anakula mara moja tu, asubui akitoka kazi: bukari na samaki ya chumvi, anashiba, analala palepale.

Na ile karatasi tulienda kwa munganga ingine mu muji. Aliisoma yote, akatueleza polepole. Kati ya njia ya chakula na tumbo kuko kama mulango. Ukiregea, asidi inapanda, na muntu akilala na tumbo imejaa, inapanda zaidi. Kidonda cha tumbo ni ugonjwa ingine, lakini zote mbili zinaweza kumukamata muntu mumoja. Diklofenaki, ibuprofene na aspirini zinaharibu ngozi ya ndani ya tumbo.

Tena kuko mikrobe inaitwa Helicobacter pylori. Zamani waganga walisema vidonda vinatoka ku mawazo na pilipili. Mu mwaka 1984, munganga wa Australia, Barry Marshall, alikunywa ile mikrobe yeye mwenyewe ili aonyeshe kama inagonjwesha tumbo. Mu 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipata zawadi ya Nobel.

Walipima choo cha kijana: mikrobe ilikuwamo. Na sababu alikuwa amekonda, munganga aliomba wapitishe kamera mu kinywa ili waangalie ndani. Kompani ilikataa kulipa. Tukaandika barua. Kodi ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inasema wazi: mwajiri anapaswa kumutunza mufanyakazi akigonjwa, pamoja na jamaa yake. Ku barua ya tatu, walilipa. Kamera ilionyesha kidonda, si kansere. Mama yake alilia pale ku mulango wa lopitali.

Alimeza antibiotiki mbili na omeprazoli siku 14, bila kuruka hata moja, na diklofenaki akaiacha. Kisha mwezi zaidi ya moja walimupima tena: mikrobe ilikwisha. Moto mu kifua haukuisha wote, sababu kazi ya usiku iko palepale. Lakini sasa anakula kidogo mbele ya kulala, chakula kingi anakula mbele ya kazi, anangoja masaa tatu, na kichwa cha kitanda kimepandishwa na matofari. Bukari imerudi.

Ndugu wafanyakazi, na nyinyi wazazi: ukitapika damu, choo kikiwa nyeusi kama lami, chakula kikikwama mu shingo, ao ukikonda bila sababu, usingoje siro ya pili. Uende siku ileile. Na mbele ya kuenda, andika karatasi yako, hata dawa za barabara uziandike.

Mukataba wa kijana unaisha mwezi unaokuja. Barua ya ine, tumeiandika tayari.