Kigali kwa Miguu: Kutoka Kibagabaga Mpaka Nyamirambo

Mfanyakazi anayeishi Kibagabaga huamka alfajiri, hushuka mlima mpaka Kimironko, hupanda gari kwenda kiwandani Masoro au mjini, na jioni huupanda mlima ule ule kurudi kulala. Miaka kumi inaweza kupita hivyo. Mtalii aliyeshuka kwenye ndege juzi huwa ameliona jiji kuliko yeye. Katika semina za chama nimewauliza wenzetu, hata wale walioajiriwa hapa tangu ujana wao, kama wamepata kuingia katika nyumba ya Kandt au kusimama kwenye makaburi ya mashujaa. Jibu la wengi ni moja: hayo ni mambo ya wageni wenye fedha.

Mimi sikubaliani nao. Mji huu haukujengwa na wageni wenye fedha peke yao, na sehemu kubwa ya nitakayoyataja hapa haina kiingilio. Ni njia ambayo mtu aweza kuifuata mwenyewe, bila mwongozaji, kwa siku moja ya mapumziko akitoka mapema. Mwenye miguu mizito aigawe siku mbili. Usichague Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwani asubuhi yake ni ya umuganda na milango mingi imefungwa. Siku nzuri kupita zote ni Jumapili ile ambayo barabara kubwa hufungwa asubuhi magari yasipite, utaratibu ulioanza mwaka 2016. Chukua maji na kitambulisho. Ukipotea, tazama vibao vya barabara: KG ni upande wa Gasabo, KN ni Nyarugenge, KK ni Kicukiro.

Anza Kibagabaga, kwenye hospitali. Teremka mpaka soko la Kimironko, ununue ndizi za njiani, kisha endelea kusini kuelekea Remera mpaka uone uwanja wa Amahoro. Uwanja huu ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa China. Ulipanuliwa ukafunguliwa tena Julai 1, 2024, ukiwa na viti 45,000. Mashabiki wa mpira wanayajua hayo. Wasiojua wengi ni kwamba katika Aprili 1994 watu wapatao 12,000 walijazana humo wakikimbia mauaji, chini ya ulinzi wa askari wachache wa Umoja wa Mataifa. Amahoro maana yake ni amani. Tembea ukiuzunguka polepole.

Karibu na hapo yapo makaburi ya mashujaa wa taifa. Omba ruhusa kwa walinzi kwa heshima. Amelala hapo Fred Gisa Rwigema, aliyekufa Oktoba 2, 1990, na pembeni yake yupo Askari Asiyejulikana. Lakini mimi, ndugu msomaji, naomba usimame kwa muda mrefu zaidi kwenye kaburi la Agathe Uwilingiyimana. Alikuwa mwalimu wa sekondari. Mwaka 1986, huko Butare, aliwaunganisha wafanyakazi wenzake wa shule katika chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Sisi tunaokusanya michango ya wanachama kila mwisho wa mwezi tunaijua kazi hiyo, tena tunajua lawama zake. Alipokuwa Waziri wa Elimu aliondoa mpango wa kugawa nafasi za shule kwa kabila, akataka mtoto aingie kwa alama zake. Jambo hilo lilimletea maadui wakubwa. Mwaka 1993 akawa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini, na Aprili 7, 1994, asubuhi, aliuawa na askari wa serikali ile ile aliyoiongoza.

Kutoka Remera fuata barabara kubwa iendayo mjini, upite Gishushu, mpaka jengo la Bunge. Kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwezi Agosti 1993, askari 600 wa RPF waliwekwa katika jengo hili mwezi Desemba mwaka huo. Vita vilipoanza walishambuliwa humo humo. Matundu ya risasi yameachwa ukutani makusudi. Tangu mwaka 2017 pana makumbusho ndani, ya kiingilio, na juu ya paa imewekwa sanamu ya askari na bunduki yake kubwa. Kama kiingilio kinakulemea, matundu utayaona hata ukiwa barabarani.

Mbele ya hapo, baada ya lile jengo la mikutano lenye kuba linalowaka taa usiku, barabara inateremka. Tazama kushoto, bondeni. Hilo ni bonde la Gikondo. Hakuna kitabu cha watalii nilichokiona kinachokuambia usimame hapa, nami nasema simama. Kwa miaka mingi viwanda na maghala ya Kigali vilikuwa humo, juu ya ardhi ya majimaji. Serikali iliamua vihamishwe, kwa kuwa maji machafu yaliharibu bonde na mafuriko yakaharibu viwanda, na eneo jipya la viwanda likafunguliwa Masoro. Sababu zilikuwa za kweli, sizipingi. Ila kiwanda kikihamishwa mashine hupakiwa kwenye lori, na si kila mfanyakazi hupata nafasi kwenye lori hilo. Ukimpata mzee aliyewahi kufanya kazi Gikondo, nenda naye, akuonyeshe lango lake lilikuwa wapi. Pasipo yeye hutaona ila majani.

Kutoka hapo panda gari mpaka mjini, maana mlima wa Kiyovu si wa mchezo na bado kuna safari. Nauli hulipwa kwa kadi, kwa hiyo iweke fedha mapema.

Mjini anza na Camp Kigali. Pana nguzo kumi za mawe, moja kwa kila askari wa Ubelgiji aliyeuawa hapo Aprili 7, 1994. Walikuwa wametumwa kumlinda yule Agathe uliyetoka kwenye kaburi lake. Kila nguzo imechongwa alama, na idadi ya alama ni umri wa marehemu. Zihesabu, uone walivyokuwa vijana. Baada ya vifo hivyo Ubelgiji iliwaondoa askari wake, na Umoja wa Mataifa ukapunguza jeshi lake mpaka watu mia chache, wakati mauaji yanazidi. Hoteli ya Mille Collines, iliyofunguliwa mwaka 1973, haiko mbali. Humo zaidi ya watu 1,200 walijificha, wakanywa maji ya bwawa la kuogelea. Kanisa la Sainte-Famille, chini yake, ni la parokia iliyoanzishwa mwaka 1913. Huko nako maelfu walikimbilia, na wengi walichukuliwa humo wakauawa.

Ukumbusho mkuu wa mauaji hayo uko Gisozi. Ulifunguliwa mwaka 2004, na zaidi ya watu 250,000 wamezikwa hapo. Hakuna kiingilio. Nakushauri usiuunganishe na safari hii. Uwekee siku yake, kwani ukitoka huko hutakuwa na hamu ya kutazama kitu kingine. Utakuta vitambulisho vya kabila ambavyo Wabelgiji walivileta miaka ya 1930. Watu waliofanya kazi zamu moja na kula chungu kimoja walitenganishwa kizuizini kwa karatasi hiyo.

Upande wa magharibi wa mji, ulizia gereza la zamani linaloitwa "1930", kwa mwaka lilipojengwa. Wafungwa wake walihamishiwa Mageragere miaka michache iliyopita. Si mbali na hapo ipo nyumba ya Richard Kandt, daktari wa Kijerumani aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Nile na ambaye mwaka 1907 alianzisha kituo cha Kigali akiwa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani, wakati mwami Musinga akiwa Nyanza. Sasa ni makumbusho. Kandt utamwona picha yake na utasoma habari zake. Lakini je, mizigo yake ilibebwa na nani? Wapagazi, askari, makarani na wapishi waliokuja na Wajerumani kutoka pwani na bara la Tanganyika, wakisema Kiswahili. Majina yao hayakuwekwa mlangoni.

Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 walikuta neno "kazi" limekwisha fika. Wanyarwanda walilichukua likawa "akazi", na katika enzi hiyo akazi ilikuwa kazi ya kulazimishwa: kuchimba barabara kwa jembe, bila kulipwa, kwa kiboko. Maelfu waliikimbia wakaenda Uganda kulima pamba na kahawa za watu. Leo kijana wa Kigali akisema anatafuta akazi ana maana ya ajira, na ni vizuri ajue neno hilo lilipopitia.

Wazao wa wale wapagazi na makarani utawakuta Biryogo na Nyamirambo, mwisho wa safari yetu. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913, mwaka ule ule wa parokia ya Sainte-Famille, nao ndio wa kwanza nchini. Wabelgiji waliwatenga Waislamu hapa, wakapaita kambi ya Waswahili, na mtu kutoka nje ya kambi alihitaji kibali. Katika mwaka 1994 Waislamu wengi wa mtaa huu waliwaficha majirani zao majumbani na misikitini. Kiswahili, ambacho zamani kilikuwa lugha ya kudharauliwa ya kambini, Bunge lilikipitisha kuwa lugha rasmi ya taifa mwezi Februari 2017.

Mjini ulipopita, watu walikuwa wapatao 6,000 wakati wa Uhuru, Julai 1, 1962. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 1,745,000 katika jiji zima. Fundi wa cherehani wa Nyamirambo, kinyozi na muuza maziwa ni miongoni mwao, nao hawachoki kuzungumza na mtu aliyekuja kwa miguu. Kwa wanaotaka kuongozwa mtaani humu, kituo cha wanawake wa Nyamirambo, kilichoanzishwa mwaka 2007, hutembeza wageni kwa malipo.

Kaa Biryogo kwenye ile mitaa iliyopakwa rangi ambayo magari yamezuiwa, uagize chai na sambusa. Saa kumi na mbili jioni inafaa uwe umekwisha panda gari la mjini, kwani ya kwenda Kimironko hujaa mapema, na kutoka sokoni mpaka Kibagabaga bado mlima unakungoja.