Jenereta Iliyogoma Fairfax

Juni 29, 2012, joto la Washington lilifika nyuzi 40. Usiku wake ukaja upepo. Ilikuwa derecho, dhoruba ya upepo inayokwenda kwa mstari ulionyooka, na ilikuwa imetoka majimbo ya kati ya Marekani na kukata kilomita zaidi ya 1,000 ndani ya nusu siku. Umeme ulikatika kaskazini mwa jimbo jirani la Virginia na miti ikalala barabarani. Hayo watu wameyazoea. Lililowashtua wakazi wa Kaunti ya Fairfax, iliyo hukohuko, lilikuja asubuhi: ukipiga 911, namba ya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa, simu haiendi.

FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilichunguza na kutoa ripoti Januari 2013. Majengo mawili ya mitambo ya kampuni ya simu ya Verizon, moja Arlington na jingine Fairfax, kila moja lilikuwa na jenereta ya akiba iliyogoma kuwaka. Mitambo ikanyonya betri mpaka zikaisha. Vifaa vya akiba vilikuwepo na vilikuwa vimelipiwa, ila siku ya kazi havikufanya kazi. Desemba 2013 FCC ikatunga kanuni: kampuni zinazobeba simu za 911 zithibitishe kila mwaka kuhusu umeme wao wa akiba na njia zao za mawasiliano.

Mwenye ofisi ndogo ya watu watano pale Annandale, ndani ya kaunti hiyohiyo, hakuna anayemfuata kila mwaka kumuuliza kama nakala rudufu za mafaili yake ya kompyuta, ambazo ndizo akiba yake yeye, zinafunguka. Na wengi hawajui, maana hawajawahi kuzifungua.

Dhoruba ileile ilimgusa jirani mwingine. Amazon ina vituo vikubwa vya data kaskazini mwa Virginia, na usiku ule kimojawapo kiliishiwa nguvu baada ya jenereta zake kushindwa kuubeba mzigo sawasawa. Netflix, Instagram na Pinterest zikayumba. Mfanyabiashara wa Fairfax anapoambiwa mafaili yake yako salama mbali, kwenye wingu, huenda yako Ashburn, katika kaunti ya jirani, chini ya mvua hiyohiyo na upepo huohuo. Swali la kumuuliza muuzaji ni jepesi: data yangu inalala jimbo gani? Akijibu Virginia, mwambie aiweke Ohio au Oregon.

Hata bila dhoruba, kompyuta hufa. Ndani ya diski ngumu kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nanomita chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kompyuta ikipigwa kikumbo ikiwa kazini, kichwa kinaweza kugusa sahani na kuikwangua. Diski ya aina nyingine, SSD, haina kinachozunguka. Huhifadhi chaji za umeme ndani ya seli ndogo sana, na seli hizo huchakaa kadiri zinavyoandikwa upya. Diski ngumu mara nyingi huanza kugongagonga na kujivuta, mwenyewe akapata nafasi ya kuokoa chake. SSD inaweza kuzimika ghafla, na kazi yote ikaondoka nayo.

Halafu kuna wezi. Septemba 2020 shule za umma za Kaunti ya Fairfax, zenye wanafunzi zaidi ya 180,000, zilitangaza kwamba baadhi ya mifumo yake imeingiliwa na programu ya kudai fidia, na kundi la Maze likajitapa kuwa ndilo lililohusika. Programu ya aina hii husimba mafaili yasisomeke mpaka ulipe. Hapa ndipo folda inayojisawazisha na wingu inapomponza mwenyewe: faili likiharibiwa ofisini, lililoharibika hupanda winguni mara moja na kulifuta zima. Nakala ya kweli huweka matoleo ya jana na ya mwezi uliopita, na angalau moja haijaunganishwa na kompyuta yoyote. Lakini Maze waliiba data kwanza ndipo wakaisimba, na nakala rudufu hairudishi siri iliyokwisha kutoka nje.

Kanuni inayotajwa sana, nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja nje ya jengo, ilienezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh. Ni kanuni nzuri. Upungufu wake ni kwamba inahesabu nakala bila kusema zijaribiwe.

Chukulia ile ofisi ya Annandale ni ya kupeleka wahudumu kwa wagonjwa majumbani. HIPAA, sheria ya Marekani inayolinda taarifa za wagonjwa, inaitaka iwe na nakala za data, namna ya kuzirudisha, na namna ya kuendelea na kazi wakati mfumo umelala. La tatu ndilo husahaulika. Kinachohitajika ni karatasi iliyochapwa kila jioni na kufungiwa kabatini: kesho nani anakwenda kwa nani, saa ngapi, dawa zipi, simu ya ndugu. Mgonjwa wa kisukari hawezi kusubiri fundi.

Kujaribu nako hakuna makuu. Ijumaa moja ya kila mwezi, mtu ambaye si fundi achukue kompyuta nyingine, arudishe jedwali la mishahara la miezi mitatu nyuma, alifungue, asome tarakimu, na aandike imechukua muda gani. Hapo ndipo hugundulika kwamba nywila iko kwenye simu ya mfanyakazi aliyeacha kazi, au kwamba nakala zilikoma kuhifadhiwa tangu diski ijae.

Huku kwetu Afrika Mashariki tatizo hugeuka upande wa pili. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na Uganda. Data iliyokuwa ng'ambo ilikuwa salama, ila haikufikika. Kwa hiyo mwenye duka Kariakoo anayelipia wingu kila mwezi anahitaji pia diski ofisini, na mwenzake wa Fairfax mwenye diski ofisini anahitaji wingu lililo nje ya Virginia. Wote wawili waanze kwa kurudisha faili moja wiki hii, kabla ya kununua kifaa kingine chochote.