Kibodi ya Springi na Kibodi Pasiwaya: Istilahi na Uchaguzi wa Chombo

Utangulizi

Kila istilahi inayotolewa kwa umma hupimwa mahali pawili: kwanza mezani kwa mtaalamu wa lugha, kisha mikononi mwa mtu anayeitumia katika kazi yake. Makala haya yanahusu istilahi mbili zilizofaulu kipimo cha kwanza na kuanguka katika kipimo cha pili. Aliyezipitisha ni mwandishi wa makala haya.

Ofisi moja ya umma iliomba itafsiriwe orodha ya vifaa ilivyokusudia kununua. Miongoni mwake zilikuwamo kibodi 12 za makarani na watafsiri ambao huandika mchana kutwa, na ambao baadhi yao walikwisha kuanza kulalamikia maumivu ya vidole na viganja. Nilitafsiri bila kusita: "kibodi za mitambo zisizo na waya". Mzigo ulipofika, mtunza bohari alikataa kuupokea kwa sababu kila kisanduku kilikuwa na waya ndani yake. Ilibidi aelezwe kwamba waya ule ulikuwa wa kuchajia betri tu. Jambo hilo lilipokwisha likazuka la pili, nalo lilikuwa zito zaidi. Kibodi zilizoletwa zilikuwa za mpira, za namna ile ile iliyokuwa ikiwaumiza makarani. Mwuzaji alijitetea kwamba kibodi yoyote ni mtambo, na kwa mujibu wa maneno niliyoyaandika hakuwa na kosa. Fedha zilikuwa zimekwisha kutumika, na makarani wakarudi kwenye maumivu yao.

Katika kurasa hizi tutaeleza chombo chenyewe jinsi kilivyo, kisha tutapendekeza maneno ambayo mnunuzi, mwuzaji na mtunza bohari wote watayaelewa kwa namna moja.

1. Jina la chombo

Katika maandishi ya Kiswahili chombo hiki hutajwa kwa majina zaidi ya moja. Wako wanaokiita baobonye, yaani bao la kubonyeza. Wako wanaokiita kicharazio, kutokana na kitenzi charaza, ambacho hutumika pia kwa mpiga gitaa hodari. Na wako wengi wanaokiita kibodi. Majina mawili ya kwanza yameundwa vizuri kwa kanuni za lugha. Hata hivyo, dukani na ofisini neno linalosikika zaidi ni kibodi, na kwa kuwa limekwisha kukubali matamshi yetu, hatuoni sababu ya kulikataa. Ki- yake ni sehemu ya neno lenyewe, wala si kiambishi. Kwa hiyo husemwa "kibodi hii" na "kibodi hizi". Kitu kimoja kimoja kinachobonyezwa juu yake ni kitufe.

2. Kwa nini "ya mitambo" haifai

Ili tuone kosa lilipo, hapana budi tufungue kibodi tuitazame ndani.

Katika kibodi ya bei nafuu, chini ya vitufe vyote limetandikwa shuka moja la mpira lenye vijikuba vidogo. Kitufe kinapobonyezwa, kijikuba chake hubonyea mpaka chini, na matabaka mawili ya plastiki yenye njia za umeme hugusana. Herufi haiandikiki mpaka kidole kimefika mwisho, na hapo hugonga sakafu ya kibodi. Kadiri mpira unavyochakaa, mguso wake huwa mzito au hulegea, wala haulingani tena kutoka kitufe kimoja hadi kingine.

Katika kibodi ya aina ya pili kila kitufe kina swichi yake. Swichi hiyo ni kijumba kidogo chenye shina linaloshuka na kupanda, springi ya chuma inayolirudisha juu, na vipande viwili vya metali vinavyogusana. Katika swichi zinazojulikana sana, zile za kampuni ya Cherry ya Ujerumani zilizoanza kuuzwa katika miaka ya 1980, shina huweza kushuka milimita 4, lakini herufi huandikika linapofika kama milimita 2 tu. Mwandishi aliyezoea hahitaji kugonga sakafu. Watengenezaji huzitajia swichi za namna hii uhai wa mibonyezo milioni 50 au zaidi, ilhali za mpira aghalabu hutajiwa milioni 5 hadi 10.

Sasa turudi kwenye jina. Mtambo katika Kiswahili ni kitu kikubwa kama mtambo wa umeme au wa kurushia matangazo, au ni mashine yoyote ile. Maana ya kwanza hapa ni kichekesho, na ya pili haitenganishi chochote. Neno "kimakanika" lingefaa katika kitabu cha fizikia, lakini nalo halimwambii mnunuzi atazame nini. Sifa inayotenganisha aina hizi mbili ni kitu kinachokirudisha kitufe juu: springi au mpira. Mnunuzi wa godoro huulizwa kama anataka la springi au la sponji, naye huelewa mara moja. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "kibodi ya springi" na "kibodi ya mpira".

Pendekezo hili lina kasoro moja ambayo yafaa ielezwe waziwazi. Kampuni ya IBM ilitoa mwaka 1985 kibodi mashuhuri iitwayo Model M, ambayo ina springi chini ya kila kitufe, lakini springi hiyo hupinda na kukisukuma kijibapa kinachobonyeza matabaka ya plastiki. Hivyo springi peke yake haitoshi kuwa fasili. Fasili kamili iwe: kibodi ambayo kila kitufe kina swichi yake kamili yenye springi.

3. Swichi za aina tatu

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa kuwa wauzaji hutaja rangi badala ya sifa. Aina zenyewe ni tatu.

Swichi telezi hushuka moja kwa moja bila kizuizi. Swichi ya tuta ina kinundu katikati ya safari yake, na kidole hukihisi kama gari linavyohisi tuta barabarani. Hapo mwandishi hujua kwamba herufi imekwisha kuandikika. Swichi ya mlio ina tuta na pia hutoa sauti kali kila inapobonyezwa. Kwa desturi iliyoanzia kwa Cherry, nyekundu ni telezi, kahawia ni ya tuta, na buluu ni ya mlio. Lakini watengenezaji wengine hawalazimiki kuifuata desturi hiyo, kwa hiyo rangi isiandikwe peke yake katika hati ya ununuzi.

Sifa nyingine ni uzito wa kubonyeza. Swichi nyekundu ya Cherry huhitaji kama gramu 45, na buluu kama gramu 60. Tofauti hii huonekana ndogo, lakini mtu anayeandika Kiswahili ana sababu ya kuitazama. Herufi inayotumika zaidi katika lugha yetu ni a, na katika kibodi ya kawaida herufi hiyo iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu. Neno "anatazama" lina herufi 9, na 5 kati yake ni a. Mtu anayeandika kurasa kumi kwa siku na achague swichi nyepesi.

Katika chumba cha watu wengi swichi ya mlio ni ugomvi. Afadhali telezi au ya tuta. Nyumbani usiku, watoto wakiwa wamelala, shauri ni lile lile. Aidha, yafaa kuuliza kama swichi hung'olewa kwa mkono au zimelehemiwa. Zinazong'oleka hubadilishwa moja moja zinapoharibika. Zilizolehemiwa huhitaji fundi.

4. "Isiyo na waya"

Hapo zamani mawasiliano ya redio yaliitwa simu ya upepo. Jina hilo lilitaja njia ambayo habari hupitia. "Isiyo na waya" hutaja kitu kisichokuwapo tu, na mtunza bohari wetu alipokiona kitu hicho kipo alikuwa na haki ya kushangaa. Hata hivyo, umma umekwisha kuzoea kusema "bila waya" na "pasiwaya", na si busara kushindana na mazoea yasiyo na madhara. Tunapendekeza "kibodi pasiwaya" iendelee kutumika, mradi fasili iseme kwamba herufi hupelekwa kwenye kompyuta kwa mawimbi ya redio, na kwamba waya wa kuchajia waweza kuwapo.

Njia za kupeleka herufi hizo ni mbili. Ya kwanza hutumia kipokezi, kidude kidogo kinachochomekwa katika tundu la USB la kompyuta. Njia hii kwa kawaida haina ucheleweshaji unaoonekana, lakini kipokezi kikipotea kibodi hubaki mfu kwa njia hiyo. Ya pili ni Bluetooth, ambayo imo ndani ya kompyuta na simu nyingi. Jina lake latokana na Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, na umoja wa kampuni unaousimamia mfumo huo uliundwa mwaka 1998. Kibodi na kompyuta huoanishwa mara moja, na kibodi nyingi huweza kukumbuka vyombo kadhaa, kwa mfano kompyuta ya ofisi, ya nyumbani na simu. Anayetaka kibodi moja ya kazi na ya nyumbani atafute yenye njia zote mbili, na ambayo pia huweza kutumika kwa waya wake betri inapokwisha. Taa za mapambo chini ya vitufe hula betri upesi. Mahali ambapo umeme hukatika zizimwe.

Liko jambo moja linalowahusu watumishi wa umma hasa. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba kibodi pasiwaya kadhaa za bei nafuu zilikuwa zikirusha herufi hewani bila kuzisimba, na mtu mwenye kifaa rahisi aliweza kuzisoma akiwa mbali makumi ya mita. Barua ya siri inayoandikwa kwa kibodi ya namna hiyo ni sawa na barua inayosomwa kwa sauti dirishani. Kwa hiyo sharti la usimbaji liandikwe katika kila hati ya ununuzi wa kibodi pasiwaya.

5. Ukubwa na mpangilio

Mpangilio wa herufi tunaoutumia hutokana na taipureta ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, aliyepata hataza mwaka 1868. Mashine yake ikauzwa na kiwanda cha Remington tangu mwaka 1874. Wenzetu watumiao Kiswahili katika Kongo na Burundi hukutana mara nyingi na mpangilio wa Kifaransa, ambamo a imepandishwa safu ya juu, na alama ya ritifaa inayohitajika katika ng' iko katika kitufe cha 4. Mtafsiri anayeagiza kibodi kutoka nje autaje mpangilio anaoutaka.

Kibodi kamili aghalabu ina vitufe 104 au 105, pamoja na safu za tarakimu upande wa kulia. Mhasibu hawezi kuikosa. Yenye vitufe 87 haina safu hizo, nayo humtosha mtafsiri na kumpa nafasi mezani. Yenye vitufe 61 ni ndogo zaidi, na kwa kawaida haina mishale ya pekee. Mhariri anayepandisha na kushusha mistari kutwa ataichukia. Kibodi za springi nyingi zina kimo kikubwa, kwa hiyo egemeo la viganja huhitajika.

6. Hati iliyosahihishwa

Kwa mujibu wa maelezo haya, orodha ile ilipaswa kusomeka hivi: "Kibodi 12 za springi, kila kitufe kiwe na swichi yake; swichi ziwe telezi au za tuta, zisizo na mlio, za uzito usiozidi gramu 50, na ziweze kung'olewa kwa mkono; ziwe pasiwaya kwa kipokezi na kwa Bluetooth, zenye usimbaji; zije na waya wa kuchajia; ziwe na vitufe 87." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini mwuzaji hawezi kuipindisha, na mtunza bohari aweza kuikagua kisanduku kwa kisanduku.

Istilahi zinazopendekezwa

Kibodi ya mpira: kibodi ambayo vitufe vyake hurudishwa juu na vijikuba vya mpira.
Kibodi ya springi: kibodi ambayo kila kitufe kina swichi yake kamili yenye springi.
Kibodi pasiwaya: kibodi inayopeleka herufi kwa mawimbi ya redio, iwe na waya wa kuchajia au isiwe nao.
Kipokezi: kidude kinachochomekwa katika kompyuta ili kupokea mawimbi ya kibodi.
Kuoanisha: kuvitambulisha vyombo viwili ili viwasiliane.
Swichi telezi: swichi inayoshuka bila kizuizi.
Swichi ya mlio: swichi yenye tuta inayotoa sauti kali.
Swichi ya tuta: swichi yenye kinundu kinachohisiwa na kidole, isiyo na mlio.
Usimbaji: kugeuza maandishi ili asiyehusika asiweze kuyasoma.

Istilahi hizi bado ni mapendekezo. Tunawaomba walimu, watafsiri na maofisa ugavi wazijaribu katika kazi zao na kutuletea maoni kabla hazijasanifiwa. Hasa tungependa kupata maneno ambayo mafundi wa kompyuta wanayatumia katika karakana zao, kwani huenda wamekwisha kupata jina lililo bora kuliko haya.